Jina la Papa Viraje

Ezéchiel alizaliwa na wivu kama wengine wanavyozaliwa na vidole sita. Siku ya ndoa yake alimnunia parrain, msimamizi wake wa ndoa, mpaka saa ya kukata keki, kwa sababu mpiga picha alikuwa ameisifu tai ya parrain. Katika kwaya ya parokia alihama sauti ya tatu akaenda ya nne, kisha ya nne nayo akaikimbia, kila mara kwa sababu jirani yake alisifiwa kuliko yeye. Wako watu wenye sukari, wako wenye presha. Yeye ana wivu, na hakuna famasi ya Bukavu inayouza kidonge chake.

Kitu kimoja tu kilimpa usingizi: jina. Ezéchiel ni dereva wa taxi. Anapanda Kadutu na kushuka Nyawera kwa Toyota Mark II ya rangi ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Gari la namna hiyo linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na mvua ikinyesha, udongo ukimwagika barabarani, linapenda kukata kona kwa makalio. Madereva wengine huomba Mungu. Ezéchiel huliachia. Anageuza usukani upande wa kinyume, anakanyaga moto kidogo, na Mark II inapita kona kiubavuubavu kama maman mnene anayejipenyeza kati ya mabenchi ya kanisa. Abiria hupiga kelele, mmoja humwita Bikira Maria, halafu wakifika chini wazima husema: "Huyu njo Papa Viraje," yaani ndiye Baba wa Kona.

Jina likashika. Watoto wa Kadutu waliliimba alipopita. Hata mke wake Nsimire, anayeuza unga sokoni na asiyemsifu mtu ovyo, aliwahi kuwaambia wenzake, "Papa Viraje iko wangu." Ezéchiel alilisikia hilo, na wiki nzima hakumwonea mtu wivu. Nsimire alidhani ni malaria.

Kisha akaja Hugues.

Hugues alitoka Kamituga, kwenye migodi ya dhahabu, kijana mwenye mashati ya maua na Altezza nyekundu iliyoinamishwa mpaka ikalamba barabara. Dhahabu ya baba yake ilikuwa ndani ya gari hilo, sehemu yake kubwa katika spika. Jioni moja mvua ilipokatika, Hugues aliteremka na Altezza ile kona ileile ya Ezéchiel. Hakupita kona, aliichora. Moshi wa matairi ulibaki hewani kama ubani. Na watoto wa Kadutu, wasaliti wadogo wasio na kumbukumbu, wakapiga kelele: "Papa Viraje! Papa Viraje!"

Ezéchiel alikuwa palepale, abiria wanne nyuma. Alifunga kioo. Kioo cha Mark II hakifungiki mpaka juu, kwa hiyo aliendelea kusikia.

Nyumbani alikuta Nsimire naye ameshasikia.

"Papa Charlène," akamwambia, akitumia jina la binti yao kama alivyozoea, "banasema kuko petit moja ya Kamituga, anacheza na motokari kama mupira."

"Nani anasema?"

"Soko yote."

"Soko inasema na bei ya ndimu. Iko na feza ya baba yake, njo ile tu."

"Feza haigeuzi usukani."

Ezéchiel akaacha chakula. Ilikuwa sambaza, wale dagaa wa ziwani, na fufu, na alikuwa hajawahi kuacha sambaza tangu kifo cha shangazi yake.

Tangu siku ile alimfuata Hugues kama polisi wa siri. Alijua anakunywa wapi, ananunua wapi matairi, fundi gani anamshughulikia. Alikwenda kwa fundi huyo, akajifanya anatafuta balbu, akainama na kuchungulia ndani ya Altezza. Hapo aliona kitu kilichomfurahisha kuliko Krismasi: katikati ya viti palisimama fimbo ndefu kama mwiko wa kusongea fufu ya harusi. Ilikuwa breki ya mkono ya mafuta. Wachezaji wa drift, mchezo wa kulitelezesha gari kiubavu, huipenda kwa sababu ukiivuta mara moja magurudumu ya nyuma yanafunga na mkia wa gari unaruka. Lakini kuegeshea gari haifai. Presha ya mafuta ikipungua, gari linajiendea.

Wakati huohuo mashindano ya drift yakatangazwa. Klabu ya magari ilikodi uwanja wa depo ya kahawa iliyokufa, upande wa Panzi, mahali pa nadra katika mji wetu ambapo ukiweka chungwa chini halikimbii. Présidente wa klabu alikuwa Ariane, mhandisi wa barabara, mwanamke asiyecheka kabla ya saa sita. Aliwatumia washindani sauti ya WhatsApp ndefu kama mahubiri: kila gari lije uwanjani kwa magurudumu yake yenyewe na lirudi vilevile, kwa hiyo liwe na plaki ya namba, bima, taa zote na honi. Likifika litakaguliwa. Mkanda wa kiti uwe mzima, betri ifungwe isiruke, kizimamoto kiwe karibu na mkono wa dereva, na bila kofia ngumu hakuna atakayewasha injini.

Wengine walilalamika. Ezéchiel, aliyejiandikisha kama Hugues, aliisikiliza sauti ile akiwa amefumba macho, kama mtu anayesikia muziki. Kisha akaenda kwa Ariane.

"Présidente, mie sipendaka kusema batu."

"Basi usiseme, papa."

"Nasema juu ya usalama."

"Usalama ya nani?"

"Ya batoto ya batu. Mumesahau frein à main, ile breki ya mukono. Kuko bengine benye kuwekaka ile ya mafuta, mrefu hivi. Uwanja iko sawa, lakini kwa kuingia kuko mulima. Akiacha motokari pale, akaenda kunywa fanta, ile motokari itashuka kuua batu. Mupime! Kila motokari isimame kwa mulima, moteur imezimwa, point mort, bila gia, frein à main peke yake, dereva atoke inje. Ikisogea, irudi kwao."

Ariane akaliandika jambo hilo kwenye simu. "Papa, ile ni wazo muzuri. Tutapima yote."

"Yote kabisa," akasema Ezéchiel. "Bila huruma."

Alirudi nyumbani akiimba sauti ya nne.

Jumapili baada ya misa ya pili, nusu ya Bukavu ilikuwa Panzi, na nusu nyingine ilikuwa juu ya kuta za jirani ikitazama bila kulipa. Magari yalipanga mstari chini ya mteremko wa geti. Nsimire alikuja amevaa kitenge kipya. Ezéchiel alijiuliza kitenge kile ni kwa ajili ya nani.

Ikafika zamu ya Hugues. Altezza ilipanda hadi katikati ya mteremko ikasimama. Hugues akazima injini, akatoka, akafunga mlango kwa kidole. Gari halikusogea. Ezéchiel alisubiri. Gari lilikaa pale kama kathedrali. Akapiga magoti mbele ya watu wote, na suruali yake ya misa, achungulie kama kuna mtu aliyeweka kitu nyuma ya gurudumu.

"Unatafuta nini, tonton?" Hugues akauliza.

"Ile levier yako ni ya mafuta! Nimeiona!"

"Iko mbili, tonton. Ya mafuta ni ya kuchezea. Ya kable ya Toyota sikuitoa, iko pembeni ya kiti. Bila ile nitaachaka motokari namna gani kwa barabara?"

"Imepita," akasema Ariane. "Papa Ezéchiel, ni weye."

Mark II ikapanda. Ezéchiel akasimama pale pale, akazima injini, akaiacha ndani ya gia ya kwanza, akainama chini ya kiti chake, akatoka, akazunguka nyuma na kuweka jiwe chini ya gurudumu. Halafu akajipangusa mikono, akasimama wima kusubiri pongezi.

Kisha watu wa ukutani wakaanza kucheka, kwanza mmoja, kisha ukuta mzima.

"Papa," akasema Ariane, "ile jiwe ni ya nini?"

"Jiwe gani?"

Alilitazama jiwe lake kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeliweka. Na kwa kweli hakudanganya. Mji wetu wote ni kupanda na kushuka, na taxi zetu ni nzee. Dereva wa Bukavu huweka jiwe nyuma ya gurudumu kama Mkristo anavyofanya ishara ya msalaba, mkono unakwenda wenyewe. Kwa Ezéchiel, kuegesha ni jiwe. Breki ya mkono ilikuwa mahali pa kutundikia mfuko wa mkate. Alipokuwa akimchimbia Hugues shimo kwa Ariane, hakukumbuka hata mara moja kwamba na yeye anayo.

"Toa jiwe, papa. Rudia. Point mort."

Akatoa jiwe. Akaingia, akaivuta breki ya mkono mpaka ikapanda karibu na kidevu chake, akaweka gia huru, akaachia mguu. Gari lilikaa. Uso wake ukang'aa. Akatoka polepole, mlango ameuacha wazi, akamtafuta Nsimire kwa macho ili amwone vizuri.

Chini ya gari kable ikalia "tii", ikakatika.

Mark II ikaanza kurudi nyuma bila haraka, kama mgeni anayeaga. Watu wakatawanyika. Ezéchiel alisimama na mdomo wazi. Aliyekimbia ni Hugues: alirukia ndani ya mlango ule, akakanyaga breki, na gari likasimama likigusa lundo la matairi yaliyopangwa getini.

Ukuta mzima ukalipuka, ukimshangilia Hugues: "Papa Viraje! Papa Viraje!"

Hugues akashuka, akapangusa shati lake la maua. "Haina shida, tonton. Fundi wangu iko hapa, na iko na kable ya Mark II kwa sanduku. Tunaweza kufunga mbio mbio, utacheza."

"Bado kuko muda," akasema Ariane. "Ukifunga, nitakupima tena."

Nsimire alikuwa amefika karibu. "Papa Charlène, kubali. Jina yako iko pale ndani ya uwanja, enda kuichukua."

Na ilikuwa kweli. Katika uwanja ule sawa, kofia kichwani, Ezéchiel angeweza kumfundisha kijana yule adabu. Hata Hugues alijua, ndiyo maana alitaka mpinzani huyo acheze. Kilichohitajika ni neno moja tu la shukrani. Lilipanda kooni, likakutana na wivu njiani, likarudi.

"Kable yake?" akasema. "Nicheze na kable yake? Nikishinda, banasema ni kable."

"Na usipocheza?" Nsimire akauliza.

Ezéchiel aliyatazama mashindano akiwa nje ya vizuizi, mkono juu ya boneti ya Mark II, akiomba kimyakimya Altezza izime, au ipasuke tairi, au angalau shati lile la maua lichanike. Hakuna kilichotokea. Hugues aliuzunguka uwanja kiubavu, kona baada ya kona, na mtangazaji akampa jina lile kwa kipaza sauti, likasikika labda mpaka ziwani. Nsimire alipiga makofi. Ezéchiel hakumtazama Hugues. Alitazama mikono ya mke wake.

Kwa hiyo jina lilihama, rasmi. Lakini Bukavu haimwachi mtu uchi. Kesho yake asubuhi, alipofika Nyawera na kuinama kuegesha, muuza mayai ya kuchemsha alimsalimia kwa heshima zote: "Bonjour, Papa Jiwe." Kabla ya mchana Kadutu yote ilikuwa imelijua. Watoto walilitungia wimbo. Ezéchiel alitukana siku ya kwanza, akanuna ya pili.

Majuzi dereva mmoja wa Mark II, Cirhuza, aliegesha pale Nyawera na kuteremsha jiwe jeusi kubwa kama kichwa cha mbuzi. Muuza mayai akalipenda. "Eh, hii sasa njo Papa Jiwe wa kweli!"

Ezéchiel aliacha abiria ndani ya gari, mmoja bado akiwa na mguu nje. Akatembea mpaka kwa Cirhuza, akasimama kifua kwa kifua.

"Sikiliza, petit," akasema. "Papa Jiwe iko mumoja tu kwa hii ville. Toa ile mulima yako hapa."