Kasereka Haingie Mbele ya Paluku

Mucheke tu. Batoto bangu banacheka, padri mwenyewe alicheka. Mais mimi siku ile sikuonja hata kasikisi, ile pombe ya ndizi, na haikuwa usiku, donc musiniletee habari ya ndoto. Ilikuwa mchana, mvua inapiga mabati, pale kwangu Butembo.

Ni wakati wa vita. Kaka yangu mukubwa, Kambale, balimuua ku barabara ya Beni, akipeleka mizigo ya batu. Tulimuzika mbio mbio sababu ya masasi. Kulipotulia kidogo, jamaa ikasema: kesho tunatosha matanga, tunamaliza kilio, misa asubuhi, na Kasereka ndiye atatoa vitabu vya misa, yeye iko na ordinateur, kompyuta. Kasereka ni mimi.

Sikusoma. Nilitoka Kasugho na mufuko wa maharagi ku kichwa, leo niko na bureau yangu: fotokopi, kupiga barua, groupe yangu mwenyewe, jenereta ya moto. Mais ile ordinateur ilikuwa ya zamani sana, système nzito, zile programu za kuiendesha, ziliishinda. Nikaiwekea Linux, ile nyepesi ya mashini zilizochoka, inaingia yote ku CD moja. Inatembea vizuri! Mais iko uchi. Ukitaka imprimante, mashini ya kuchapa, lazima uongeze paketi kutoka CD ingine. Na ukizima bila ku-enregistrer, kuhifadhi kazi yako, vyote ulivyoongeza vinapotea, sawa hukufanya kitu.

Toka asubuhi nilikuwa nabonyeza ile paketi ya imprimante. Inaandika: manquant, kuna kinachokosekana. Nabonyeza tena: manquant. Manquant nini? Inaniona mupumbavu? Nilipiga meza, chai ikamwangika.

Nikasikia sauti nyuma yangu:

“Mudogo wangu, unaingiza mutoto wa tatu, na wa kwanza hajazaliwa.”

Nikageuka. Kijana, ndevu hazijatoka vizuri, kaptula ya kaki, mukono wa kushoto hauna kidole cha mwisho. Mvua vile, na yeye mukavu kama unga! Mais akili yangu ilikuwa ku lile neno. Mudogo wake? Mimi, na mvi hizi?

“Wewe ni mutoto wa nani?”

“Wa mama. Kama wewe.”

“Una kichwa kigumu. Jina?”

“Paluku.”

Sikushangaa. Nani mu Butembo hana Paluku kwao? Kwetu Banande mwanaume wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Hata akifa, nafasi yake inabaki yake.

Akakaa ku kiti changu bila kuomba. “Paketi ni vile vile,” akasema. “Hii ya imprimante ni Kasereka. Inaita Kambale, Kambale anaita Paluku. Kasereka haingie mbele ya Paluku.” Akaziingiza, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Niaminini, imprimante ikakohoa na kutoa kitabu kimoja, sura ya Kambale juu yake.

“Sasa, mudogo wangu, acha ni-enregistrer kwanza.”

“Niite mudogo tena utaona! Toka!”

Akacheka. “Toka? Hilo neno ni mimi nilianza kukuambia.” Akaenda mu mvua.

Nikamufuata mupaka ku mulango. Matope laini, hakuna unyayo. Na pale pale groupe ikazima. Nilipoiwasha: manquant. Nikafuata ngazi ile ile, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Manquant, mupaka giza likaingia.

Kesho yake, inje ku majani ya jamaa, misa tuliimba na kitabu kimoja, kinapita mukono ku mukono. Haya gani! Kilipofika ku shangazi yetu, yule peke yake aliyebaki wa rika la baba, akasema:

“Kasereka, umeandika Kambale ni mutoto wa kwanza. Na Paluku?”

“Shangazi, yule si alikufa kichanga? Mama hakutuambia zaidi. Na hilo jina niachie, jana Paluku moja hana kidole alinitukana mu bureau.”

“Kidole gani?”

Nikamuonyesha. Shangazi akakaa chini mu majani, na kitenge chake cha misa.

“Ni panga ya baba yako, bakifyeka shamba. Hakuwa kichanga, alikuwa kijana. Homa ilimubeba, wewe ungali mu tumbo. Kila siku alikuwa anaweka kinywa ku tumbo la mama yako na kusema: mudogo wangu, toka. Toka upesi tuonane.”

Mashini ningali nayo. Nilinunua zingine mupya, zinafanya kazi bila kelele. Ile, hapana. Inakataa ku-enregistrer. Kila asubuhi paketi zimekwenda, naanza upya, na haipokei hata moja kama sijasema kwa sauti: “Paluku, ingia kwanza.” Ma-clients banasikia! Muzee kama mimi, naomba ruhusa mbele ya batu. Nitaitupa? Muitupe ninyi.

Donc shikeni hili. Kijana akikuita mudogo wake, meza hasira yako. Mupe kiti. Usimufukuze kama hajamaliza ku-enregistrer.