Msiba wa Siku Moja

Salama alihamia Sultan Hamud kutoka Lamu akiwa mtoto mdogo, baba yake Amin alipofungua kibanda cha kushona nguo karibu na stesheni. Kufikia kidato cha pili alikuwa akizungumza Kikamba hadi walimu wageni wakamdhani mzaliwa. Nyumbani Kikamba alikiacha mlangoni pamoja na viatu. Rafiki yake wa dhati alikuwa Mwongeli, binti wa mzee wa kanisa.

Mwaka jana nyanya yake Mwongeli, aliyemwita susu, alipofariki, matanga yalichukua karibu wiki mbili. Kila jioni Salama aliketi na waombolezaji wakiimba, na siku ya maziko, kijijini kwao Mbumbuni, alitupia udongo kaburini pamoja na wajukuu.

Kisha Amin akafa ghafla, Jumamosi alfajiri. Kabla ya alasiri alikuwa ameshazikwa.

Jumatatu baada ya masomo, Mwongeli alifika na wasichana wa kwaya ya shule.

"Mzee yuko mochari gani?" aliuliza.

"Tulimzika juzi."

Mwongeli alimkodolea macho. "Mmemzika? Bila sisi? Kwa susu wangu ulikuja kila siku, Salama. Si ungenipigia tu simu?"

"Hata mimi sikufika kaburini. Kwetu wanawake hubaki nyumbani." Akaongeza: "Nililiona jeneza likitoka, nikataka kulikimbilia. Mama akanishika mkono. Nikamchukia, Mwongeli. Siku anazikwa baba, mimi namchukia mama."

Halima, mama yake, alikuwa nyuma ya pazia. Alitoka macho yamemvimba, akawaketisha wasichana mkekani.

"Wanangu, sisi hatuimbi msibani," alisema. "Lakini anayetaka kumwombea baba yenu, na amwombee."

Mwongeli aliomba kwa Kikamba, polepole. Alimshukuru Mungu kwa Amin, aliyemrefushia sketi ya shule kila mwaka na kumtania kuwa anakua kama mpapai. Salama alimtafsiria mama yake, lakini kwenye mpapai akashindwa. Halima akamvuta kifuani, naye akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Hakuna aliyeimba. Walikunywa kahawa, wakaondoka.

Mpaka leo Mwongeli hulalamika kwamba yeye hakumzika mzee Amin. Salama humwacha aseme.