Wembe Nilioung'arisha

Siku yangu ya kwanza katika duka la kinyozi pale Malindi sikupewa kichwa cha mtu. Nilipewa kinoo, lile jiwe laini la kunolea, na wembe butu. Nilinoa mpaka adhuhuri. Fundi Mkuu, mwenye duka, akaujaribu kwenye malaika, vinyweleo vya mkono wake, akaguna.

"Huu wa kuparia samaki, mwanangu. Rudia."

Nyembe zetu zilikuwa za kukunja, chuma kinachojificha ndani ya mpini wa pembe, na hewa ya chumvi haikuziacha salama. Kutu ya mgongoni tuliisugua kwa majivu laini na tone la mafuta, kwa ncha ya kidole. Karibu na makali hatukugusa. "Doa liache," Fundi Mkuu alikuwa akisema. "Mteja hajitazami kwenye wembe." Kisha tuliupitisha wembe kwenye ukanda wa ngozi, mgongo ukitangulia.

Baadaye nilihamia hoteli moja Watamu, halafu nyingine Kikambala. Huko Meneja wa saluni alitaka kila kitu king'ae. "Mgeni hulipia anachokiona," alinifunza, nami nikamwamini upesi mno. Nilirudi Malindi siku za mapumziko nimevimba kichwa, nikijiona fundi kuliko mafundi.

Wakati huo Fundi Mkuu alikuwa mzee, ila nyumba nyingi za Malindi na Mambrui bado zilimwita kunyoa watoto siku ya saba, siku ya akika. Alipozaliwa kitukuu wake wa kwanza, alinikabidhi wembe aliowanyolea wanawe wote.

"Nitolee kutu tu. Makali yake yapo, usiyaguse."

"Inshallah, Fundi."

Nilitaka kumfurahisha. Nikaupeleka karakana ya hoteli, nikaushikiza kwenye mota ya kung'arishia. Ulitoka unameta kama kijiko kipya. Ukingoni palitanda rangi ya buluu, nami nikajifanya sikuiona. Wembe ukipata moto chuma hulegea, na hata ukiunoa mwaka mzima makali hayakai. Hilo nililijua vizuri.

Siku ya akika watu walijaa ukumbini, mtoto amepakatwa na bibi yake. Fundi Mkuu aliupitisha wembe mkononi mwake. Hakuna unywele ulioanguka. Akaupitisha tena. Kisha akanitazama mara moja, nami nikainamisha uso nikingoja aibu yangu.

Akaukunja taratibu.

"Mniwie radhi," akawaambia watu. "Mikono yangu siku hizi inatetemeka. Mwanangu huyu atamnyoa."

Nilimnyoa mtoto kwa wembe mwingine wa dukani kwake, wakanisifu. Tangu siku ile hakuna nyumba iliyomwita tena Fundi Mkuu. Waliniita mimi, na nilikwenda.

Sasa nimestaafu. Nyinyi vijana wa mashine za kunyolea hunijia mkiniuliza namna ya kufufua nyembe za babu zenu, nami huwaeleza: majivu, mafuta, kidole, subira. Mnaniita fundi. Jina hilo linanichoma.

Mzee yule aliishi miaka mingi baada ya akika ile, akikaa barazani bila kazi, na kila nilipopita nilimwamkia shikamoo naye akaitika marahaba kwa upole. Mikono yake haikuwa ikitetemeka. Ningeweza kuwaambia watu siku yoyote, na sikuwaambia.