Jiwe la Ndama na Sheria ya Fisi

Jumamosi ile mvua imetufungia ndani hapa Iringo, Musoma, nikatoka jikoni na ungo wangu wa dagaa natafuta meza ya kuchambulia. Nakuta meza imetekwa. Wajukuu zangu wawili na binti wa jirani wamelaza karatasi kubwa ya vyumba vyumba, ile ya hesabu, juu yake wamepanga vifuniko vya soda, na kopo langu la mafuta ya kuchulia magoti limesimama katikati kama mwenyekiti. Nikauliza kopo langu linafanya nini pale. Mjukuu mkubwa, huyu wa chuo aliyekuja likizo, akanishika mkono.

"Usiliguse, Bibi. Hilo ni jitu, linapigana."

Sasa wewe unanijua. Mimi kitu nisichokijua hakinipitagi hivi hivi. Nikaweka ungo chini, nikavuta kigoda.

Wakanieleza, kwa haraka kama watu wanaotaka uondoke. Kila mmoja ana mtu wake, amemtunga mwenyewe, na yule mkubwa ndiye msimuliaji, anasimulia pango na majitu na kuwafanyia hukumu. Wanapigana kwa zamu. Zamu yako ikifika mtu wako anatembea vyumba sita, kila chumba ni futi tano. Wanarusha dadu moja la ajabu, lina pande ishirini, alilipata kwa rafiki yake wa Bunda. Mimi nikauliza hizo futi tano nani alipima. Wakacheka. Nikauliza tena, "Na kama hapo pana matope?"

"Matope unatembea nusu, Bibi."

"Na kama umebeba mtu?"

"Nusu vilevile."

"Na ukiwa umesimama karibu na jitu, ukageuka kuondoka?"

"Linakupiga kabla hujafika popote. Labda zamu yako nzima uitumie kurudi nyuma kwa uangalifu, hapo halikupigi."

Nikakisogeza kigoda karibu na meza.  Hizo sheria nilikuwaga nazijua kabla sijajua kuhesabu mpaka mia.

Upande wa Butiama nilikokulia, nyumba yetu ilikuwa chini ya kilima cha mawe, na pale tulipokuwa tunachungia palikuwa na jiwe moja limelala, pana kama uwanja wa kuanikia mtama. Tuliliita Jiwe la Ndama, maana jua likiwaka ndama zilikuwa zinajikusanya kwenye kivuli chake. Tulikuwaga watatu na nusu. Dada ndiye mkubwa, kaka anamfuata, halafu mimi, na ile nusu ni mdogo wetu, nimefungiwa mgongoni na kanga ya mama tangu uji wa ulezi wa asubuhi mpaka ng'ombe zirudi. Chakula chetu ni michembe, viazi vitamu vya kukaushwa, kwenye kitambaa na kibuyu cha maziwa ya mgando. Dada alikificha kwenye ufa wa jiwe pasipofika jua, na ukikifungua ile harufu ya moshi wa kibuyu inakupanda mpaka kichwani. Mpaka leo nikinusa maziwa ya pakiti naona kama wamesahau kitu.

Mchezo alituanzishia dada, na sijui yeye aliutoa wapi. Vijiwe ndiyo watu. Jiwe jeusi kubwa ndiyo fisi. Kijiwe chako kinatembea shubiri tatu, halafu unampisha mwenzako. Kaka akawa anatanua vidole mpaka vinataka kuchanika, anaruka nusu ya uwanja kwa zamu moja. Dada akamwambia, "Wewe leo una mkono wa nyani." Akakata bua moja la mtama, akasema kuanzia sasa shubiri ni hii, ya wote. Samadi mbichi ya ndama ikidondoka juu ya jiwe, hiyo ndiyo mbuga yenye matope, unapita nusu bua, na kaka alikuwa anazunguka mbali asichafue kijiwe chake. Ukipigana unarusha vigae vinne vya kibuyu kilichovunjika. Vikilala chali vitatu, umeng'atwa.

Na palikuwa na sheria ya fisi. Ukiwa ubavuni kwake ukageuka kukimbia, anakung'ata bure, hata kama si zamu yake. Ila akishamng'ata mmoja, mwingine anapita salama mpaka zamu ya fisi irudi tena. Dada alikuwa anasema, "Fisi ana mdomo mmoja." Alisema hivyo kila siku, na sisi tunaitikia kama kanisani.

Mimi ule mchezo nilikuwa naupenda na kuuchukia. Kijiwe changu hakikufikaga popote. Dada alisema nitembee nusu bua, hata pasipo samadi, kwa sababu nina mtoto. Nikamwambia mtoto yuko kwangu, kijiwe hakijabeba kitu.

"Kijiwe ni wewe," akasema.

Nikalia, nikaliwa na fisi, nikapewa maziwa.

Halafu ikafika siku moja ya mvua za vuli, tunapeleka ndama mtoni. Jirani yetu alikuwa na dume moja la ng'ombe, pembe moja imekatika, analifungaga kwa kamba mbili. Siku hiyo limezikata zote. Likatokea njiani, linapumua kama mivukuto ya mhunzi. Kaka alikuwa mbele, akaruka juu ya Jiwe la Ndama kama mjusi. Mimi matope yamenishika kwenye vifundo, mtoto mgongoni, na mpaka jiwe ni kama hatua ishirini. Nikageuka nikimbie.

"Usigeuke," dada akasema. Hakupiga kelele hata. "Rudi kinyumenyume. Nusu bua, nusu bua."

Nikarudi. Dume linakuja, limeinamisha kichwa, linanitazama mimi. Nikajua kwa hatua zile sifiki. Hata wewe ungejua. Hapo dada akatokea ubavuni, akalitupia dume kile kibuyu cha maziwa usoni, akapita mbele yake kabisa, karibu vile ungeweza kuligusa pua. Akasema kwa nguvu sasa, "Mdomo mmoja!"

Likamfuata yeye.

Mimi nilitembea. Sikuangalia. Kaka akanivuta juu kwa kanga, mtoto hata hakuamka. Jirani alipofika na fimbo, dada yuko chini kwenye tope na maziwa, paja limefunguka.

Alipona. Ila mguu ule haukunyooka tena. Mama alimuuliza usiku anamfunga dawa, "Mwanangu, ulikuwa unafikiria nini?" Dada akasema, "Ilikuwa zamu yangu." Mama akatikisa kichwa, akadhani ni homa. Mimi na kaka pale kwenye mkeka tulielewa.

Na siku aliporudi jiweni, anakuja na mkongojo, alikaa, akachukua lile bua la mtama, akalivunja katikati. Nusu akaiweka mbele ya kijiwe chake. Hakuna aliyemwambia.

Sasa turudi mezani. Kifuniko cha mjukuu mdogo kimembeba mwenzake aliyeumia, na jitu liko ubavuni. Mtoto macho yamejaa maji. Yule mtu wake amekaa naye likizo nzima, amempa jina na mama na kijiji, na akifa amekufa kweli, hafufuliwi. Nikakata kifungo cha gauni langu, nikakiweka kwenye karatasi.

"Mimi nani?" nikauliza.

Mkubwa akacheka. "Wewe ni bibi mmoja amepotea pangoni."

"Sawa. Hili jitu lina midomo mingapi?"

"Lina rungu moja, Bibi. Likishampiga mmoja anayeondoka, haliwezi kumpiga mwingine mpaka zamu yake irudi."

Basi nikachukua kifungo, nikakipitisha mbele ya pua ya kopo, taratibu, kwa kidole. Dadu likarushwa. Kifungo kikalazwa. Na mjukuu wangu mdogo akatembea vyumba vyake vitatu, nusu, nusu, mpaka mlangoni.

Wakanitazama wote watatu. Wanataka kujua nani alinifundisha. Na mimi nataka kujua wale walioandika kitabu cha sheria za mchezo huu huko ng'ambo, wao walikuwa wanachunga nini? Nani alikuwa na mtoto mgongoni?

Tulipoenda kumzika dada, nilitafuta Jiwe la Ndama. Halipo. Wamelipasua kokoto, yako kwenye misingi ya nyumba za watu, sijui hapa Musoma, sijui Kiabakari. Nimejaribu kuwaonyesha wajukuu lile bua lilikuwa refu kiasi gani. Natanua mikono, kila mara linatoka tofauti. Ila ile nusu yake naijua bila kupima. Ndiyo hatua tuliyokuwa tunaendea kisimani mimi na dada, mguu wake na mzigo wangu, mpaka nilipoolewa.