Waridi la Marehemu Mama

Jua halijapanda vizuri, na Mama Majani keshavaa glavu. Ndani ya kitalu nyumba joto linabana na plastiki ya paa inadondosha maji. Anaona jani la waridi lenye unga mweupe. Analifunika kwa mfuko kwanza, ndipo anakata, taratibu, kama anayemvua viatu mtoto aliyelala.

"Ukilitikisa tu, umekwisha," anasema. "Ule unga unaruka, kesho mstari mzima unaumwa."

Kazi hii ya kuwinda ukungu ndiyo inayolisha wanawe tangu mumewe afariki. Jina alipewa na wenzake, wakimtania kwamba huamkia majani kabla ya kuamkia watu. Anacheka akisimulia, ila kicheko hakidumu.

Msimu wa mvua uliopita, ukungu ulivamia kitalu kizima. Msimamizi hakutafuta mbali. Alishasikia kwamba Mama Majani ana waridi dirishani kwake, kwenye chungu alichoachiwa na marehemu mama yake.

"Akaniambia, 'Mama, ugonjwa unauleta wewe na nguo zako. Chagua, ua au kazi.' Ningesema nini? Watoto watakula ua?"

Jioni ile alilifunika waridi kwa mfuko, kama afanyavyo kazini, akaling'oa na kulichoma nyuma ya nyumba. Kabla ya kuwasha kiberiti alilikagua jani kwa jani. Halikuwa na doa hata moja, na hilo ndilo linalomkereketa mpaka leo.

Ukungu wa kitaluni haukwenda popote. Ulipungua fundi alipokuja kufungua madirisha ya juu, ambayo msimamizi mwenyewe aliamuru yafungwe mvua isiingie. Hewa ikapita, unyevu ukakauka kwenye majani.

Anapoulizwa kama aliombwa radhi, anabetua midomo.

"Aliniambia, 'Basi mama, yameisha.' Yameisha kwake yeye!"

Limebaki tumaini moja. Zamani, walipokuwa wakielewana, alimkatia wifi yake tawi la waridi lile, naye akalipanda kwake. Kisha mume wa Mama Majani alipofariki, wakagombea vyombo msibani, na hawajasemeshana tena.

Jumapili atakwenda kumwomba kitawi. Chungu cha mama keshakisugua kwa maji ya moto, kiko mlangoni kinamsubiri.

"Akinifukuza, nitarudi tena, sina aibu," anasema, akivua glavu. "Ila nitaoga kwanza na kubadilisha nguo. Nisije nikalipelekea ua la mama ugonjwa wa huku."