Karai Zima

Sokoni walimwita Dada Karai, na wateja walivipita vibanda vya wenzake vyenye sufuria za kung'aa ili wamfikie yeye. Aliuza makarai ya bei ya chini, yale yanayomiminwa uani kwa vyuma chakavu vilivyoyeyushwa, na katika bidhaa za namna hiyo mabovu hayakosekani. Wajanja huziba matundu kwa gundi ya magari, wakapaka rangi nyeusi juu, karai likapendeza kama kiatu cha bwana harusi. Dada Karai alikwangua rangi kwa ukucha, akalinyanyua ajue kama uzito umeelemea upande mmoja, kisha akaligonga kwa mpini wa kijiko. Likilia kama kengele, alisema neno moja tu: "Zima." Likitoa sauti ya kibuyu, alilirudisha kwa fundi, hata mteja awe amelipenda vipi.

Tangu mvua zilizopita masikio yalianza kumziba. Alidhani ni nta, haikuwa nta. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye alificha, akaendelea kugonga na kusema "zima" huku akisoma nyuso za watu. Ulikuwa ujinga, tena ujinga wa hatari, maana rangi na uzito hukaguliwa kwa macho na mikono, ila ufa mwembamba uliojificha ndani ya chuma hutambulika kwa sikio tu.

Siku moja akaja mdogo wake, aliyekuwa akikaanga viazi vya kuuza nyumbani kwake.

"Dada, nichagulie wewe. Mimi chuma sikijui, najua viazi tu."

Aligonga. Hakusikia kitu. Akaona haya mbele ya mdogo wake, ambaye utotoni yeye ndiye aliyembeba mgongoni.

"Zima," akasema.

Kesho yake alikwenda kumsaidia kumenya. Alikaa mlangoni, jiko likiwa nyuma yake na mtungi wa gesi kando ya goti lake. Mafuta yalipochemka, karai likapasuka kitako, yakamwagikia motoni. Mdogo wake, aliyebanwa kati ya jiko na ukuta, akapiga kelele:

"Dada, zima! Zima!"

Kelele ile ilimfikia kwa mbali mno, neno moja tu, lile lile la kazi yake. Akatabasamu, akaendelea kumenya.

"Si nilikwambia!"

Joto la mgongoni ndilo lililomgeuza. Akafunga gesi, akiwa amechelewa.

Hospitalini mdogo wake alilala mikono ikiwa imefungwa bandeji hadi mabegani. Mumewe alikaa kando ya kitanda.

"Dada, nilikuita. Ukanijibu 'si nilikwambia.' Nilikukosea nini?"

Dada Karai aliitazama midomo ile isimpite hata silabi.

"Sikukusikia, mdogo wangu. Nilidhani unalisifu karai. Masikio yangu yamekufa."

Kulisema kulimpa nafuu, na nafuu ile ilimtia aibu.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua."

Mdogo wake akageukia ukutani. Mabega yake yalitikisika kidogo, kama ya mtu anayesema jambo.

"Unasemaje?" Dada Karai akainama. "Mdogo wangu, unasemaje? Shemeji, amesemaje?"

Shemeji yake, aliyesikia, aliinuka akamfungulia mlango.