Kitufe cha W

Kila Jumamosi, kabla ya kufunga ofisi, Mchapaji alikilaza kibodi chake kifudifudi juu ya gazeti na kukipigapiga mgongoni taratibu, kama mama anayemcheulisha mtoto aliyeshiba. Yalidondoka makombo ya mkate, vumbi, pengine unywele mmoja. Aliyakunja ndani ya gazeti, akatupa, kisha akakifuta kibodi kwa kitambaa chenye unyevunyevu. Mziwanda, aliyekaa meza ya mbele yake, hakuacha kumcheka. Alisema siku dada yake atakapokibeba kibodi mgongoni kwa kanga, yeye hatashangaa hata kidogo.

Mziwanda hakuwa mdogo wake wa tumbo moja. Alikuwa mtoto wa mwisho wa mama mdogo, na jina hilo la kitinda mimba lilimganda mpaka ukubwani. Lakini Mchapaji alifiwa na mama yake akiwa bado hajaanza shule, akalelewa kwa mama mdogo, na Mziwanda alipozaliwa ndiye aliyembeba, ndiye aliyemfundisha kufunga viatu. Walilala kitanda kimoja miaka mingi. Majirani hawakujisumbua kuwataja mmoja mmoja. Waliwaita wale wawili. Akitumwa mmoja dukani, wanakwenda wote. Akichapwa mmoja, wanalia wote.

Mchapaji alikuwa mtu wa maneno machache. Alijifunza kazi kwenye mashine ya chuma iliyohitaji vidole vya fundi seremala, akahamia kwenye kompyuta, na kwa Wakili alikuwa amekaa tangu ofisi ile ina meza moja tu. Kazi ilipozidi, Wakili akataka msaidizi, yeye ndiye aliyesema kwa sauti yake ndogo kwamba ana mdogo wake aliyesomea kompyuta. Kwa hiyo Mziwanda akaja, akapewa meza ya pili, na mwezi wa kwanza wote Mchapaji alibaki saa za chakula kumwonyesha namna mkataba unavyopangwa.

Sasa Wakili alikuwa anahama. Alikuwa anaungana na wenzake katika jengo jingine, na huko palikuwa na nafasi ya mchapaji mmoja tu. Aliwaita wote wawili, akawaeleza akiwa amesimama, miwani mkononi, kwa aibu ya mtu asiyependa kuumiza watu. Alisema atawajulisha mwisho wa wiki.

Walipotoka, Mziwanda alimpiga dada yake kikumbo cha bega. "Kiti ni chako, Dada. Mimi nitakuja kukufagilia."

Mchapaji alicheka, ila usiku hakupata usingizi mzuri. Mume wake alikuwa dereva wa lori ambaye mwezi mmoja ana safari na mwezi mwingine hana, na watoto walikuwa watatu. Tena, nje ya vile vidole vyake hakujua kitu kingine cha kumwonyesha mtu.

Kesho yake asubuhi kitufe cha W kiligoma.

Kwanza alidhani hakukibonyeza sawasawa. Akabonyeza tena, akabonyeza kwa nguvu, akakishikilia. Kimya. Herufi nyingine zote ziliitika kama kawaida, ila W ilikuwa kama haimjui. Ukiwa mchapaji wa Kiswahili, na tena wa ofisi ya wakili, utafika wapi bila W? Akazima mashine na kuiwasha. Akachomoa waya wa kibodi na kuuchomeka kwenye tundu la pili. Akapuliza katikati ya vitufe mpaka mashavu yakamuuma. Bado.

Mziwanda aliacha kazi zake akaja kusaidia. Alileta pamba na spiriti, akakichokonoa kifuniko cha W kwa ncha ya tupa ndogo ya kucha, kikaruka, wakakitafuta chini ya meza huku wanacheka. Alisafisha kile kitundu pole kwa pole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo kama alivyokuwa akifanya utotoni akichora. Alikirudisha kifuniko, akakibonyeza. Hamna kitu.

"Kimezeeka, Dada," alisema. "Kama mwenyewe."

Mchapaji akatafuta njia ya kuishi. Aliichukua W kutoka kwenye hati ya zamani, akainakili, na kila alipoihitaji akaibandika kwa vitufe viwili vya pembeni. Kazi ikawa kama kushona shati kwa kuanza na vifungo. Yeye ambaye vidole vyake vilikuwa vikienda mbele ya macho, sasa alisimama kila neno. Na pale aliposahau, hati ilitoka kwenye printa na mapengo. Wakili aliishika moja juu, akauliza kwa utani kama mkataba huu umeng'olewa meno na nani. Mchapaji aliomba radhi. Hakusema ni kibodi; aliona ni kujitetea kitoto. Mziwanda akanyanyuka haraka, akamwambia Wakili aiache, yeye ataichapa upya. Akaichapa. Na iliyofuata akaichapa, na iliyofuata hiyo, na kila mara Mchapaji alimshukuru.

Siku ya Alhamisi, saa ya chakula, Mchapaji alikichomoa kibodi, akakiviringisha kwenye kanga, akavuka barabara mpaka kwa fundi wa kompyuta aliyejulikana mtaani kwa jina la Bisibisi. Bisibisi alikichomeka kwenye mashine yake iliyojaa vumbi, akabonyeza W. Ikatokea. Akaibonyeza mpaka mstari mzima ukajaa.

"Mama, mgonjwa wako mzima," alisema. "Labda alitaka kutembea."

Mchapaji alimwambia hilo haliwezekani. Basi Bisibisi akamwazima kibodi kingine aende akakijaribu, kisha waone. Alirudi nacho ofisini mbiombio. Mziwanda alikuwa ametumwa mahakamani kupeleka majalada. Akachomeka kibodi cha Bisibisi, akafungua hati, akabonyeza W.

Kimya.

Alikaa akiangalia kile kibodi cha watu. Vibodi viwili, cha hapa na cha kule, vife herufi ile ile? Aliwaza mpaka mashine nayo ikachoka kumsubiri, ikajifunga, ikamtaka neno la siri. Vidole vyake viliandika vyenyewe, kama vilivyoandika kila asubuhi kabla hata hajavuta kiti. Vilipofika katikati, akavizuia.

Neno lake la siri lilikuwa "wawili".

Alilifuta. Akaandika tena, polepole, kwa kidole kimoja, akihesabu vidoti vinavyotokea. Alipobonyeza W, kidoti kikatokea. Alipobonyeza W ya pili, kikatokea kingine. Mashine ikafunguka. Siku zote tatu alikuwa akiingia kwa W mbili kila asubuhi, na hakuona, kwa sababu nani anaangalia vidoti? Mlangoni W ilikuwa nzima. Ilikufa ukishaingia ndani.

Basi ugonjwa haukuwa kwenye kitufe. Ulikuwa ndani ya nyumba.

Alifungua orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe mashine inapofunguliwa. Alizijua zote kwa sura, isipokuwa moja ndogo iliyokaa mwisho. Akaisoma inavyofanya kazi: unaichagulia kitufe, nayo inakiziba. Iliwekwa Jumatatu alasiri. Jumatatu alasiri yeye hakuwepo. Alimkimbiza mtoto zahanati kwa homa, mara tu baada ya Wakili kutangaza habari zake, na Mziwanda alimpigia simu huko akimwomba neno la siri ili atoe hati iliyokuwa ikisubiriwa. Alimtajia. Mziwanda akacheka, akasema, "Kumbe ndilo hilo, Dada? Hata mimi ningelikisia."

Aliifuta ile programu. Akabonyeza W, ikatokea, nyeusi na safi. Hakufurahi. Kilichomjia ni ile pamba, ile spiriti, ule ulimi pembeni ya mdomo. Mdogo wake alikaa pale akikisafisha kitufe huku anajua fika hakina ugonjwa.

Mziwanda alirudi amebeba bahasha, akaanza kusimulia habari za foleni ya mahakamani, kisha akaona kiwambo cha kompyuta. Mstari mmoja wa W ulikuwa bado upo.

"Kimepona?" aliuliza.

"Hakikuwa kinaumwa."

Mziwanda aliweka bahasha mezani, akazipanga kingo zake zilingane. Alichukua muda kuzipanga.

"Ulikisafisha," Mchapaji alisema.

"Nisingekusaidia ungeshuku." Aliketi. Hakulia, na Mchapaji alitamani angalau angelia. Alisema dada yake ana mume, hata kama safari zinakatika. Yeye akikosa kiti kile anarudi kulala chumba cha mama, akiulizwa kila siku lini ataolewa. Alisema kila mahali watu humchukua Dada kwanza. Kisha akasema lililobaki akiwa ameinamisha uso. "Hata Mama alijua. Alisema usiogope, yule hata akigundua hatasema kitu. Ndivyo alivyo."

Mama mdogo, aliyempa Mchapaji nusu ya kitanda na nusu ya sahani, alikuwa ameupima ukimya wake miaka yote ile, na sasa ameutumia. Kwani si kweli? Alikuwa tayari anawaza namna ya kunyamaza. Angesema kibodi kimepona chenyewe, na mambo yangekwisha.

Akanyanyuka akagonga mlango wa Wakili.

Wakili alimkaribisha kwa upole uliozidi, na hapo akajua pana jambo jingine tena. Wakili alimpa pole. Alisema mdogo wake amemweleza habari za vidole, jinsi vinavyokufa ganzi, jinsi anavyoona haya kusema. Naye kwa zile hati zenye mapengo alikuwa ameshajionea. Alikuwa ameamua kumchukua Mziwanda, na alitaka kesho amwambie mwenyewe kwa heshima.

Mchapaji aliangalia mikono yake. Mwishowe alisema, "Naomba kiti chako, mzee. Nisomee kitu chochote."

Wakili alisita, kisha akampisha. Alichukua jalada lililokuwa karibu, akaanza kusoma polepole, kwa huruma. Vidole vilimfikia, vikamngoja. Akaongeza mwendo. Vikaongeza. Akasoma kama anavyosoma mahakamani akiwa na haraka ya kwenda kula, na kila alipomeza mate maneno yake yalikuwa yameshakaa kwenye kiwambo, W zote mahali pake. Akaacha kusoma.

"Sasa ilikuwa nini?"

Pale ndipo alipotegemewa anyamaze. Alimweleza: ile programu, ile Jumatatu, lile neno la siri. Na Wakili alipouliza ni nani mwingine aliyelijua, alilitaja jina la mdogo wake, kwa sauti ile ile ndogo, mbele ya mtu wa nje.

Mchapaji ndiye aliyekwenda na Wakili kwenye jengo jipya. Mziwanda alichukua kikombe chake na sweta yake kesho yake, Ijumaa, akatoka bila kuaga. Jioni mama mdogo alipiga simu, ikaita mpaka ikakata, ikaita tena. Mchapaji alikuwa ameketi jikoni, simu iko mbele yake mezani, anachambua mchele. Mumewe aliuliza mbona hapokei. Akasema mikono ina kazi.

Ofisini alibadilisha neno la siri. Aliweka neno lisilo na maana yoyote, ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwita. Lakini vidole havijui habari za watu. Mpaka leo, asubuhi, kabla hajavuta kiti, vinakwenda vyenyewe kwenye W. Vidoti sita vinajipanga, mashine inavitazama kidogo, kisha inamwambia si sahihi, jaribu tena.